Gati la zamani la Mkwaya, mkono wa Lukuledi (Lindi): mabaki yake tuyatafute wapi na tuyapime vipi?

Mwanamingoyo

Wakuu, habari za Kusini.

Kuna klabu ya historia ya sekondari moja huku Lindi inataka kuchora ramani ya mabaki ya gati la Mkwaya, kule ndani ya mkono wa bahari ambao Mto Lukuledi unamwaga maji yake kabla ya kufika Ghuba ya Lindi. Lengo ni ramani moja safi, picha zenye vipimo, na karatasi mbili za maelezo zitakazobandikwa shuleni na nakala kubaki ofisi ya kijiji.

Tunakwama hapa:

Kwanza, gati ni la nani? Mtaani kila chuma chenye kutu ni "cha Mjerumani", lakini wapo wanaosema ni la Waingereza wa karanga.

Pili, kwa nini liliachwa mapema hivyo wakati Lindi mjini bandari iliendelea?

Tatu, tukienda tuanzie wapi, mwezi gani, na maji yakiwaje? Ukingo wote ni mikoko.

Nne, ukikuta nguzo au kipande cha reli, utajuaje kama ni cha gati, cha shamba la mkonge, au kimeletwa juzi na mtu wa kujenga daraja la miguu?

Vifaa vilivyopo: tepu ya mita 50, simu mbili, kamba, na mtumbwi wa kuazima. Boti ya injini hakuna. Wenye kujua naomba mshuke kwa undani, si "nendeni makumbusho".

---

Taruma_la_Chuma

Mkuu, swali la kwanza na la pili yanajibiwa pamoja, maana sababu ya kujengwa ndiyo hiyo hiyo ya kuachwa.

Gati la Mkwaya unaloulizia ni la mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza ilianza mpango huo 1947 ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, na hesabu ya mwanzo ilikuwa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Maeneo yaliyofanyiwa kazi kweli yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo zilikuwa na Reli ya Kati karibu. Nachingwea haikuwa na kitu: reli hakuna, bandari ya meli kubwa hakuna, barabara ya kubeba mitambo hakuna. Kwa hiyo Kusini ilibidi vitu vitatu vijengwe kwa mpigo: mashamba, reli, na bandari ya kina kirefu pale Mtwara.

Bandari ya kina kirefu haijengwi kwa mwaka mmoja. Mtwara ilianza 1948 na kukamilika 1954. Lakini matrekta, mafuta, saruji na reli zenyewe zilitakiwa Nachingwea mara moja. Ndipo Mkwaya ilipoingia kama gati la muda. Meli kubwa inatia nanga Lindi, mzigo unashushwa kwenye matishari (vyombo bapa vya kubebea shehena), matishari yanavutwa kupandisha mkono wa Lukuledi, na Mkwaya mzigo unapanda treni. Reli ya upana wa mita moja ilianza kuwekwa kutoka hapo, ikafika Nachingwea 1949. Neno la kushika ni hilo, "la muda". Mtu akienda Mkwaya akitegemea kuona ukuta wa mawe kama wa boma atarudi analaumu wenyeji kwamba wamevunja. Ukuta wa namna hiyo haukuwa na sababu ya kujengwa.

Sasa kwa nini liliachwa. Chukua mfano wa hesabu tu, si takwimu za pale. Meli ina tani 3,000. Una matishari manne ya tani 100, na kila moja linaweza kwenda na kurudi mara moja kwa siku kwa sababu linasubiri maji yajae. Hiyo ni tani 400 kwa siku ikiwa hakuna kilichoharibika, yaani siku saba hadi nane meli imesimama inalipiwa. Kila mzigo unashikwa mara mbili: meli kwenda tishari, tishari kwenda behewa. Kila mshiko ni makuli, kamba, winchi na mifuko inayopasuka. Tena kuna mzigo usiogawanyika. Trekta kubwa la kung'oa miti, mfano D8, hupita tani 15. Winchi ya gati dogo ikishindwa kuliinua, inabidi tishari lisubiri sakafu yake ilingane na gati, trekta litoke kwa miguu yake juu ya mbao nene. Maji yakiwahi kupwa katikati ya kazi, mbao zinainama na kazi inalala mpaka maji yajayo.

Mtwara meli inafunga ubavuni mwa gati na behewa linakuja chini ya winchi. Baada ya hapo Mkwaya haikuwa na la kushindania. Kichekesho chungu ni kwamba mpango wenyewe wa karanga ulifutwa Januari 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea, miaka mitatu kabla bandari iliyojengwa kwa ajili yake haijakamilika. Reli nayo haikupata mzigo wa kuilisha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa.

Kwa hiyo kwa klabu yenu ushauri wangu ni mmoja: msianzie majini, anzieni nchi kavu. Gati la muda huoza au hung'olewa, lakini tuta la reli halibebeki. Tafuteni tuta, lifuateni kuelekea mkono wa bahari, litawafikisha palipokuwa gati.

Tuta la reli utalitofautisha na barabara ya zamani hivi. Barabara hukata kona na kupanda kilima moja kwa moja, reli haiwezi, huzunguka kwa pinde pana na kupanda kidogo kidogo. Pembeni mwa tuta utaona mashimo marefu yasiyo na kina, pale udongo ulipochotwa. Masika hugeuka madimbwi, watu hulima mpunga humo. Kila kijito kinapokatiza pana kalavati. Na kokoto: lima kwa kidole sentimita kumi juu ya tuta. Ukikuta kokoto zilizopasuliwa, zenye kingo kali, za ukubwa wa limau, hizo hazikuletwa na mto.

Karibu na gati tuta lazima lipanuke. Njia moja inagawanyika kuwa mbili au tatu ili behewa tupu zisubiri pembeni. Ukiona uwanja mrefu tambarare, uliojazwa udongo mwekundu juu ya ardhi nyeusi ya mikokoni, hapo pana uwezekano mkubwa ndiyo yadi. Na msisahau maji baridi. Injini ya mvuke hainywi maji ya mkono wa bahari, chumvi hutoa povu na kuganda ndani ya bwela. Kwa hiyo popote treni ilipogeukia lazima paliwepo kisima au bomba na tangi juu ya nguzo. Misingi minne ya zege yenye bolti zilizochomoza, iliyo mbali na maji, mara nyingi ni ya tangi, si ya winchi.

---

Pwani1914

Naongeza tu, na napinga kidogo. Mkuu wa juu kasema kweli kuhusu karanga, lakini msiwaambie wanafunzi kwamba mkono wa Lukuledi ulianza kutumika 1947. Vyombo vilikuwa vinapanda huko zamani sana, na hiyo ndiyo sababu maneno ya "Mjerumani" hayafi.

Ushahidi mmoja hauna ubishi. Mwaka 1914 vita vilipoanza, meli ya Präsident ya Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni ya meli ya Kijerumani, ilifichwa ndani ya Lukuledi, maili kadhaa juu ya Lindi. Oktoba mwaka huo manowari ya Uingereza, Chatham, ikaikuta. Karatasi zilizokamatwa ndani yake ndizo zilizoonyesha kwamba makaa yalikuwa yanapelekwa Rufiji, na kabla mwezi haujaisha manowari Königsberg ikagunduliwa imejificha kwenye matawi ya Rufiji. Tafakarini hilo kwa habari ya kina cha maji: meli ya mvuke ya baharini iliingia kwenye mkono huo huo ambao leo mtu anaona mtumbwi tu.

Kisha 1917 Waingereza waliposukuma kutoka Lindi kufuata bonde la Lukuledi, njia iliyoishia kwenye mapigano ya Mahiwa Oktoba ile, mkono huu ulikuwa mlango wa kikosi hicho. Na mashamba ya mkonge nayo hayakubeba robota kwa kichwa mpaka mjini wakati maji yako mlangoni.

Kwa hiyo ukingoni mnaweza kukuta tabaka zaidi ya moja. Kitu kimoja msichanganye: mifupa ya mijusi mikubwa (dinosaria) ya Tendaguru, iliyochimbwa 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin. Hiyo ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka Lindi mjini. Kila nikisoma mtandaoni kwamba "ilipita kwa treni ya Mkwaya" nashangaa, maana hiyo reli haikuwepo.

---

Fundi Nguzo

Swali la nne ndilo langu. Nitajibu kwa mpangilio wa vitu mtakavyovikuta, na sitasema "hiki ni cha mwaka fulani" kwa kitu ambacho hakijapimwa.

Reli. Pimeni vitu viwili. Upana wa njia, kama mataruma (vilalio vinavyobeba reli) bado yapo: kati ya nyuso za ndani za reli, au kwa makadirio kati ya matundu ya kufungia kama reli imeng'olewa. Njia ya treni ya Nachingwea ni milimita 1,000. Njia za toroli za mashamba ya mkonge kwa kawaida ni 600. Ukipata 850 huenda umepima vibaya au taruma limepinda. Kama ni kipande kimoja cha reli tu, pima kimo chake toka kitako mpaka kichwa. Reli ya toroli ina milimita 60 hadi 70 hivi. Reli ya treni hufika 100 au kuzidi. Kisha sugueni ubavu mwembamba wa reli kwa brashi ya waya, taratibu. Viwanda vilikuwa vikitoa reli na maandishi yaliyonyanyuka: jina la kiwanda, mwaka, na uzito kwa yadi. Maandishi yakiwa yameliwa, piga picha jioni jua likiwa chini, taa ya simu ukiilaza ubavuni. Usipake chaki wala rangi.

Onyo: mwaka wa kwenye reli ni mwaka ilipotengenezwa kiwandani. Reli hutumika mara ya pili na ya tatu. Reli ya 1912 inaweza kulazwa 1948 bila ubishi.

Mataruma. Ya chuma ni kama hori lililofunikwa, ncha zote mbili zimekunjwa chini ili zishike kokoto. Nchi hii yalipendwa kwa sababu mchwa hayali. Watu huyafanya nguzo za uzio na vizingiti, kwa hiyo tafuteni pia kwenye nyua za nyumba, mkiomba ruhusa. Lakini taruma lililo uani halionyeshi njia ilipita wapi. Kwenye ramani lipewe alama tofauti na kilicho mahali pake.

Nguzo za mbao. Angalieni umbo lake. Nguzo ya gati iliyosimama miongo kadhaa huwa imekonda kiunoni: juu ya maji inaoza, na kati ya maji kupwa na tope inatobolewa na wale wadudu wanaokula mitumbwi, mpaka inabaki kama penseli iliyochongwa. Ndani ya tope haina hewa, humo hukaa nzima. Kwa hiyo kisiki cha sentimita 20 kinachochungulia topeni kinaweza kuwa na mita nne za mbao nzuri chini yake. Msikitikise, msikivute. Ukishakitikisa umeingiza hewa na maji, na kilichodumu miaka 70 kinaanza kuoza.

Nguzo za chuma. Ukiisogelea utaona mistari mitatu. Juu kabisa kutu ya rangi ya chungwa inayobanduka kama magamba ya kitunguu. Katikati, mahali mawimbi yanaporusha maji, pameliwa kuliko pote, hata kidole kinapita. Chini, usawa wa tope, chuma kimekuwa cheusi na kinanuka kama yai viza. Chaza wanaanza hapo katikati kushuka, na kingo zao zinachana kiganja kama wembe. Glavu za ngozi, viatu vilivyofungwa, na kila mmoja ajue chanjo yake ya pepopunda ikoje kabla hajashuka.

Zege. Zege la gati hupasuka kwa mistari iliyonyooka, inayofuata nondo ndani. Chumvi inapenya, nondo inashika kutu, kutu ina mwili mkubwa kuliko chuma, zege linasukumwa na kubanduka. Nyufa zinazotawanyika ovyo kama mistari ya ramani ni jambo jingine. Kwenye sehemu iliyobanduka angalieni kokoto na rangi ya saruji. Kama badala ya saruji mnaona chokaa nyeupe yenye vipande vya kombe na chembe za mkaa, na mawe ni matumbawe, hapo mmefika kwenye ujenzi wa zamani zaidi, wa kipwani, na Pwani1914 atafurahi.

Bolti. Watu wanapenda kusema "uzi wa inchi, basi Mwingereza". Hapana. Mjerumani wa kabla ya 1914 naye alitumia sana uzi wa Whitworth wa inchi. Tena bolti ya inchi tatu kwa nne ina nyuzi 10 kwa inchi, na ya milimita 20 ya siku hizi ina karibu hizo hizo 10. Kwa kutu ya Lukuledi hamtatofautisha. Achaneni na bolti.

Nafasi. Hiki ndicho kipimo kinachosema kweli. Pimeni toka katikati ya nguzo mpaka katikati ya nguzo, si ubavu kwa ubavu. Pimeni nafasi angalau tano, chukueni wastani. Ukipata mita 3.05 ni futi 10 kamili, 3.66 ni futi 12. Ukipata 3.00 au 2.50, mchoraji alifikiri kwa mita. Nguzo moja haitoshi, zikiwa sita kwenye mstari, ishara ina nguvu.

Tafuteni pia nguzo zilizolala kwa mshazari. Nguzo wima hubeba mzigo, ya mshazari huzuia tishari likigonga. Ukiziona zimeelekea upande mmoja, mmeshajua uso wa gati ulikuwa wapi. Daraja la miguu kwa kawaida haliwekewi nguzo hizo.

---

Bamvua Kamili

Wakuu mmesahau maji, na maji ndiyo yatakayowaamulia.

Nendeni siku za bamvua, yaani siku ya kwanza mpaka ya tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani yetu siku hizo maji hujaa alfajiri na jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na hukupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi. Hiyo ni bahati kubwa, maana mnapata kupwa kwa kina mchana kweupe. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Siku za maji mafu hiyo tofauti inapungua sana na mtarudi na picha za mikoko tu.

Muda huo ni wa mdomo wa ghuba. Ndani ya mkono maji huchelewa, na huchelewa zaidi kupwa kuliko kujaa: yanatoka polepole, yanarudi kwa kasi. Siku ya kwanza msipime kitu. Chomekeni mti wenye alama za kila sentimita kumi, mwandike usawa wa maji kila robo saa toka saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Mtajua kupwa kwa pale ni saa ngapi hasa. Siku inayofuata ongezeni dakika 50 hivi. Kazi ya majini ianze saa moja na nusu kabla ya kupwa, na iishe maji yanapogeuka. Si nusu saa baadaye, yanapogeuka.

Mwezi: bamvua kubwa za mwaka huwa Machi na Septemba. Machi mvua zinanyesha, Lukuledi imefura, maji ni chai ya maziwa na tope halikanyagiki. Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba ndiyo wakati wenu: mto mdogo, tuta limekauka, majani yameungua au yamelala.

Kwenye tope mtu asitembee peke yake, wala asisimame muda mrefu mahali pamoja. Chukueni mbao mbili za futi sita, mtu akanyage moja huku akisogeza nyingine. Ukizama magoti, usivute mguu wima, lala kwa tumbo au kalia ubao, chomoa kisigino kwanza. Kabla ya yote waulizeni wavuvi wa pale pale habari ya mamba na viboko. Wao ndio wanajua wiki hii wako wapi.

Jambo la mikoko: itazameni kwa mbali kabla hamjaingia. Mikoko inayoota mahali palipoachwa huwa ya rika moja, kimo sawasawa, na umbo la shamba lake hunyooka kama limekatwa na rula. Pande zake mikoko ya asili ina vimo mchanganyiko. Kipande kilichonyooka hivyo, kikiwa mwisho wa tuta, kinaweza kuwa ndipo matishari yalipokuwa yanalala. Kinaweza pia kuwa shamba la chumvi la zamani, kwa hiyo ni dalili, si jibu. Na panga liacheni nyumbani, mikoko ni hifadhi ya msitu na kuikata bila kibali ni kosa. Piteni kwa mtumbwi maji yakiwa nusu.

---

Mwanamingoyo

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya tulichotegemea. Mawili yamebaki.

Tulijaribu kuweka alama za simu juu ya ramani ya zamani ya serikali ya 1:50,000. Kila kitu kimehama, hata makutano ya barabara ambayo tunayajua. Simu mbovu au ramani mbovu?

La pili, wanunuzi wa chuma chakavu. Tukishabandika ramani shuleni si tumewaonyesha njia? Na je, sheria inalinda vitu hivi?

---

Taruma_la_Chuma

Simu nzima, ramani nzima. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kupima mahali duniani uitwao Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za simu ukazibandika moja kwa moja juu ya ramani, kitu kinahama karibu mita 300, na sehemu kubwa ni kaskazini-kusini. Kwenye programu ya ramani chagueni Arc 1960, UTM (gridi ya mita) kanda 37 Kusini, kwa ile karatasi, halafu iacheni programu igeuze. Hakikisheni kwa alama mbili ambazo hazijahama, kama makutano ya barabara au kona ya jengo la zamani. Msitumie ukingo wa mto kuhakikisha. Ukingo unahama kweli.

Kwa kila kitu andikeni: namba yake, usomaji wa simu pamoja na ile namba ya usahihi (ikizidi mita 8 subirini), saa, usawa wa maji kwenye mti wenu, na nani aliyepima. Picha tatu: moja ya mbali yenye tuta au mti mkubwa unaotambulika, moja ya kitu kizima na fimbo ya mita mbili iliyopakwa rangi kila sentimita 20, moja ya karibu. Kosa la kawaida ni kupiga picha 200 za karibu ambazo nyumbani hakuna anayejua ni nguzo ipi.

Sheria sasa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Gati la 1947 au 1948 halimo humo mpaka litangazwe. Kwa hiyo msiandike kwenye bango "mali inayolindwa na Mambo ya Kale", si kweli na mwenye kujua atawacheka. Hiyo haina maana kwamba ni halali ya kila mtu. Ardhi ina mwenyewe, mikoko ina mwenyewe, na chuma hakiondoki bila mtu kukiuliza.

Ninachopendekeza: ramani mbili. Ya ukutani ionyeshe tuta, yadi, na mahali pa gati kwa ujumla. Yenye namba za kila kipande cha chuma ikae kwa mwenyekiti wa kijiji na nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Barua ya kuwajulisha itangulie kabla ya siku ya kwanza ya kupima, maana kundi la vijana wenye tepu mikokoni bila barua huulizwa kama wanapima viwanja.

---

Fundi Nguzo

Hapo kwenye chakavu naongeza la kiufundi. Mnunuzi hataki nguzo iliyo topeni, gharama ya kuichomoa inazidi bei yake. Anataka kilicho juu: reli, mataruma, vigingi vya kufungia kamba, bamba za kuunganishia. Kwa hiyo pimeni hivyo kwanza, siku ile ile mnapoviona, hata kama maji hayajakaa vizuri. Nguzo zitawasubiri bamvua ijayo.

Na kama mna tepu moja tu, msipime nguzo moja baada ya nyingine kwa kurukaruka, makosa madogo hujumlika. Lazeni tepu toka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, ikazwe na watu wawili, wa tatu asome kila nguzo kwenye tepu hiyo hiyo bila kuisogeza. Tepu ya kitambaa ikilowa hubadilika urefu, ya chuma ikipigwa jua inarefuka kidogo sana, haiwahusu. Chukueni ya chuma, na jioni ioshwe kwa maji baridi na kufutwa kwa mafuta, la sivyo Jumatatu haivutiki.

---

Mwanamingoyo

Tumeelewana. Septemba, bamvua ya mwezi mwandamo, siku ya kwanza ni mti wa maji na tuta tu. Barua inaandikwa wiki hii.